Kijana, Ndani

Mali bila daftari huisha bila habari.
Ablitt na Wanawe, mafundi wa mvuke wa Suffolk,
waliacha madaftari arobaini na moja,
ngozi ya ndama, migongo iliyofumuka, harufu ya panya.
Nimeyafungua yote. Mimi si wa ukoo wao.
Namtafuta mtu ambaye hawakumtaja kwa jina.

Mwanzo ni Jabez, mhunzi wa kwato.
1844: bawaba ya lango; njumu za farasi wanne;
jembe la mjane Fiske, bado hajalipa.
Kisha, mwaka wa mavuno yaliyonyeshewa,
akaiona injini ya mgeni ikipura ngano,
ikimeza miganda, ikitema makapi,
na wanaume kumi na wawili wamesimama, mikono mitupu,
hawajui waiweke wapi.
Jabez alirudi nyumbani hakula.
Alichora kwa mkaa juu ya kitambaa cha meza,
na mkewe, Hepzibah, hakukifua tena.

Wakazaliwa Josiah, aliyejua kuuza,
Ephraim, aliyejua chuma,
Barnabas, aliyejua kunywa,
na Keturah, aliyeandika.

Injini moja ukingo huu wa shamba, ya pili ukingo ule,
katikati kebo ya chuma, na plau inakwenda na kurudi
kama sindano ya mshonaji mwenye haraka.
Farasi wakatazama juu ya ua.
Barua zikaja kutoka Hungaria, kutoka Misri,
na kwa bwana mmoja wa Prussia aliyetaka zipakwe kijani.
Katalogi ya 1868 inasema:
*Boila zetu hazijapata kupasuka.*
Ya 1869 haisemi.

Sasa sikiliza jinsi boila inavyoshonwa.
Wa nje ana nyundo. Wa ndani,
katika giza la duara, ana nondo ya chuma,
anaikaza kwa kifua kwenye kichwa cha riveti
ili pigo lisiende bure.
Mtu mzima haenei. Huingizwa mtoto.

*Kijana, ndani: shilingi tatu.*
Ndivyo alivyoandika Keturah, kila Jumamosi,
kwa wino mweusi, wiki mia mbili na nane.

Babu wa bibi yangu alitoka mle
na miaka kumi na mitano
na masikio mawili ya pambo.
Akaoa mwanamke mwenye midomo myepesi kusomwa.

Ukurasa unaofuata karibu niuruke.
*Mafuta ya kulainisha, nyumba ya Sallows: shilingi mbili.*
Na Jumamosi iliyofuata. Na iliyofuata.
Sallows ndilo jina letu.
Nyumba ile haikuwa na mashine,
ilikuwa na kuku, na mtu aliyekuwa akigusa ukuta
kujua kama kuna anayebisha hodi.
Miaka thelathini na mmoja ya mafuta.
Sijui ilikuwa huruma au woga,
wala kama walipata kukutana macho.
1903 mwandiko unabadilika, ni wa Josiah, mkono mzito:
*Mafuta gani? Futa.*

Yaliyobaki ni mafupi.
Mjukuu alisema petroli ni upepo wa kupita.
Dalali alikuja na nyundo yake ndogo ya mti,
fuawe ya Jabez ikaenda kwa shilingi nane.

Injini moja inaishi. Kila Agosti huletwa uwanjani,
shaba imesuguliwa, watoto na aiskrimu zao wanapanga foleni.
Nilifika mapema, kabla haijawashwa.
Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa boila, baridi, kama mnyama aliyekufa,
nikaanza kuhesabu riveti.
Nilifika mia na themanini na sita, manyunyu yakaanza.

Mwenye injini alikuwa akipiga kelele kutoka hemani,
nisiguse rangi, nisiguse rangi.
Nikajifanya sisikii.